Sufuria Mbili za Tuovi

Ndugu, majirani na marafiki mliotusindikiza, asubuhi ya Jumanne tarehe 5 Novemba 2019 nilikuwa jikoni kwangu namenya viazi, nikivigawa katika sufuria mbili kama ilivyo desturi ya familia yetu, moja ya watu wote na moja ya dada yangu Tuovi na mdogo wetu Oiva, simu ilipolia na shemeji yangu Reino akasema kutoka hospitali, "Raili, ameondoka." Viazi vyake vilikuwa vimeshaingia majini. Sikuvitoa.

Marehemu Tuovi Annikki Kemppainen alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 katika kijiji cha Korpijoki, mkoa wa Kainuu, mtoto wa kwanza wa marehemu Eino, mkata magogo, na marehemu Hilja, mimi nikafuata mwaka 1961, na Oiva mwaka 1971, mama alipokuwa ameshagawa nguo zote za watoto.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1965, akavaa miwani mwaka uliofuata, na alikuwa hodari wa hesabu, ila jua likizama, na kwetu wakati wa baridi huzama mchana, alikuwa mtu mwingine. Baba alimtuma kuni siku moja akarudi na mbao mbili, baba akazigeuza mkononi akasema, "Mwanangu, nimekutuma kuni, umeniletea uzio wa jirani?" Tukacheka wote, na Tuovi alicheka kuliko sisi. Mama hakugawa chakula cha jioni kabla ya kutuhesabu kwa sauti, na hesabu ilipopungua alichukua taa akatoka nje, akamkuta Tuovi ameweka kiganja ukutani mwa sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, anangoja tu, bila kulia.

Mama alikuwa na dawa moja aliyorithi kwa mama yake, nayo ni ini. Kila Jumamosi alikaanga ini na vitunguu, na pande kubwa lilikuwa la Tuovi, nami nilipolalamika niliambiwa, "We nyamaza, wewe una macho ya paka."

Mwaka 1977 alianza kazi dukani, na vuli ya mwaka 1979, baada ya kugonga ng'ombe mzima kwa baiskeli wakati wa magharibi, alipelekwa hospitali kubwa ya mbali, mama na mimi tukiwa naye, akapokewa na daktari wa macho Viljakainen, aliyemtia matone, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akawaita wenzake nao wakachungulia. Alitueleza kwamba nyuma ya jicho, ule utando unaopokea mwanga, pamoja na tabaka la mishipa ya damu linaloulisha, vimeliwa mabaka ya mviringo kutoka pembeni kuelekea katikati, kama theluji ya mwezi wa nne inavyoyeyuka kuzunguka mashina ya misonobari mpaka mabaka yakaungana. Damu ilipopimwa, ikaonekana kwamba mwili wake hauwezi kuvunja kitu kimoja kinachotokana na vyakula vya kujenga mwili, kitu hicho kinajaa na kuyaharibu macho, na kwamba kasoro hiyo hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe wanaona vizuri kabisa. Ni ugonjwa wa nadra duniani, kwetu si nadra sana. Dawa ya kuuondoa hakuna, alisema, ila kupunguza nyama, samaki, maziwa, mayai, hata mkate wa kawaida.

Mama aliuliza, "Na ini?"

"Hasa ini," daktari akajibu.

Mama alivaa koti lake akafunga vifungo vyote, ingawa hatukuwa tumeruhusiwa kuondoka. Ni Tuovi aliyeendelea kuzungumza. "Daktari," alisema, "nyumbani tuna mdogo wetu wa miaka minane. Juzi ameleta uzio."

Damu ya Oiva ilikuwa vilevile, lakini mabaka yake yalikuwa bado madogo, pembeni kabisa. Daktari alisema wazi kwamba kwa Tuovi chakula hicho kingesaidia kidogo sana, kwa Oiva huenda kingesaidia mengi. Tuovi akakila hata hivyo, miaka arobaini. "Mtoto hawezi kula peke yake kama mbwa," alimwambia mama, na mama akanunua sufuria ya pili. Unga ulitoka duka la dawa, na mkate wake Oiva aliuita sabuni.

"Soseji moja tu, Tuovi!" alilia kwenye sherehe ya shule.

"Kula. Ukifika miaka thelathini uniambie shati langu lina rangi gani."

Aliirudisha soseji sahanini, akamtukana dada yake njia nzima.

Kuanzia mwaka 1982 hadi 2015 marehemu alikuwa opereta wa simu katika halmashauri mjini Kajaani, na tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Reino, dereva wa lori la magogo, wageni wakanywa supu ya samaki, bibi harusi na Oiva wakala viazi. Mwaka 1989 walimpata Saila, aliyepimwa damu akiwa mchanga akakutwa mzima. Mwaka 1994 macho ya Tuovi yalizimika, naye akaendelea na kazi, kwa kuwa simu, alisema, hazijawahi kumtaka mtu awe na macho.

Siku Oiva alipotimiza miaka thelathini alimkazia macho dada yake mezani akasema, "La kijani. Na lina doa."

"Raili," Tuovi akaniuliza, "kweli lina doa?"

"Lipo."

"Basi anaona," alisema, akaomba mkate wa sabuni.

Mama alipofariki mwaka 2003, Tuovi ndiye aliyetuhesabu mezani, kwa sauti zetu, kila mmoja akiitikia.

Julai mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho, na madaktari wakamwambia ale apendacho, lakini aliendelea na sufuria ya Oiva, mpaka siku moja ya Oktoba Oiva alipotoka kidogo, Tuovi akaniambia, "Raili, kaanga ini. Ufungue dirisha, asinuse." Alikula vipande viwili, akasema, "Mama alijua kupika." Oiva aliporudi aliliona karai, akasema, "Baridi humu," akafunga dirisha, akaketi karibu yake.

Tunawashukuru daktari Viljakainen, aliyekuja leo akiwa na fimbo yake, wauguzi wa Kajaani, wenzake wa halmashauri, na majirani wa Korpijoki, hasa wenye ule uzio.

Chakula kiko mbele yenu. Sufuria ya kushoto ni ini na vitunguu, kama alivyoagiza mwenyewe, ya kulia ni ya Oiva, na leo mimi ninakula ya kulia. Oiva ameshatuhesabu kutoka pale mlangoni, kwa macho yake, na amemwona hata mtoto wa Saila aliyejificha chini ya meza ya mwisho. Hakuna aliyebaki nje gizani. Pumzika sasa, Tuovi, kwa amani, sote tumo ndani.