Kiti Chenye Sweta ya Bluu

Kabla ya jambo lolote, familia inawaomba mlioketi mbele: kile kiti chenye sweta ya bluu kisikaliwe. Hakikusahauliwa. Kina mwenyewe, na habari zake zimo humu.

Huu ni wasifu wa dada aliyejulikana na mji mzima kama Dada Dirisha. Umeandikwa na ndugu yake pekee, kitinda mimba wa nyumba yao, na ndiye aliyesimama hapa kuusoma. Marehemu alimwita Kitinda, na humu ataitwa hivyo hivyo. Atajisema kana kwamba anamsema mtu mwingine. Mtaona mbele kwamba kazi hiyo ameizoea.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshonaji. Baba alikuwa juu ya ukuta wa watu alipoletewa habari. Alishuka na mwiko mkononi, akatembea nao mpaka hospitali, na hakukumbuka kuurudisha. Mwiko huo umetundikwa sebuleni hadi leo. Baada yake walizaliwa wawili ambao hawakukaa sana duniani, na mwaka 1966 akaja Kitinda, na mama akasema sasa basi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuingia sekondari mwaka 1971. Hesabu za kichwa zilikuwa mchezo wake. Mwalimu akigeuka ubaoni kuandika swali, yeye jibu analo. Tarehe 2 Septemba 1972 mama alifariki. Jumatatu iliyofuata, binti wa miaka kumi na mitano alifua sare yake ya kidato cha pili, akaipiga pasi, akaikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyemwambia aache shule, na aibu yetu ni kwamba hakuna aliyemkataza. Kitinda alikuwa na miaka sita. Kufunga kamba za viatu alifundishwa na dada, fundo mara mbili, na mpaka leo hafungi vinginevyo.

Tarehe 1 Juni 1976 aliajiriwa kuuza tiketi katika ukumbi wa sinema ulio mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Ukumbi ulikuwa na viti mia nne na ishirini, na dirisha lake lilikuwa na tundu dogo la kupitisha mkono na sauti. Aliuza tiketi kwa miaka arobaini na moja kupitia tundu hilo, akasuluhisha ndoa kadhaa, na akakataa posa zisizopungua nne. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi alipiga simu kwa kampuni iliyosambaza filamu, kuwasomea hesabu ya watu wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Alikuwa na kauli yake juu ya hesabu hizo. "Ijumaa watu huja kwa sababu ya tangazo," alisema. "Jumapili huja kwa sababu ya waliokuja Ijumaa. Nisomee Jumapili tu, nitakwambia filamu ni nzuri au ni kelele."

Desemba 1979 ilifika sehemu ya kwanza ya zile filamu tulizoziita za Msafiri, yule mtu aliyekuwa akiitafuta nyumba yao katika nyota zote na kuikosa kwa hatua moja. Kitinda alikuwa na miaka kumi na mitatu. Dada alimnunulia tiketi, akafunga dirisha watu walipokwisha kuingia, akaketi naye. Lakini robo saa kabla ya mwisho ilimbidi ainuke akafungue dirisha kwa ajili ya onyesho linalofuata. Ikawa ndiyo desturi: mwanzo wanautazama wote, mwisho anautazama Kitinda peke yake, kisha anamsimulia dada njiani. Na alisimulia kwa mikono na miguu! Siku ile alipokuwa akionyesha Msafiri alivyouruka moto, aliangusha ubao wa fundi cherehani, na fundi akatoka na futi shingoni. Dada alimlipa fundi, akamgeukia Kitinda, akasema, "Haya, aliporuka ikawaje?"

Sehemu ya pili ilikuja mwaka 1983, nayo ikaenda vivyo hivyo. Ilitangazwa kwamba ya tatu ndiyo ya kumalizia. Kabla haijafika, Januari 1987, Kitinda alipata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea uhandisi. Stendi, dada alimfungia kamba za viatu mbele za watu, mtu mzima wa miaka ishirini.

"Ya tatu ikija, usikubali mtu mwingine akusimulie mwisho," Kitinda alimwambia. "Nitakuja nikusimulie mimi."

"Na wewe usiitazame bila mimi."

"Siitazami."

Hayo ndiyo waliyoagana, na marehemu hakuwa mtu wa kusahau maagano.

Sehemu ya tatu ilifika mwaka 1988. Usiku wa Jumamosi ya kwanza watu walijaa hadi ngazini. Jumatatu akapiga simu kama kawaida, na siku chache baadaye akatuma vipande vya tiketi vilivyochanwa mlangoni. Kule kwenye kampuni alikuwapo karani mmoja mpole, mwenye sauti nzito na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Huyo akampigia dada simu.

"Dada, umenisomea watu elfu moja na tisa. Mimi hapa nina vipande elfu moja na nane."

"Uko sawa."

"Basi umezidisha mtu mmoja."

"Sijazidisha. Tiketi yake imelipiwa."

"Kwa nini haikuchanwa?"

"Hajafika bado."

Juma la pili hesabu ilizidi mmoja. La tatu, mmoja. Jumamosi ya nne karani alipanda basi mwenyewe kuja kumwona huyo mtu asiyefika. Alimkuta Dada Dirisha ukumbini, safu ya sita, na kiti cha kushoto kwake kimelazwa sweta ya bluu aliyoiacha Kitinda.

"Naweza kukaa hapa?"

"Hapo pana mtu. Kaa huku."

Akakaa upande wa kulia, na upande huo hajauhama. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990, na sote tunamwita Bwana Jumatatu. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi wa miwani. Siku ya harusi, mzee mmoja wa ukoo alitazama kiti kitupu kwenye meza ya ndugu wa bibi harusi, akanong'ona, "Asiyekuwapo na lake halipo." Bibi harusi alimsikia. "Lake lipo, mzee," akamjibu. "Nimeliwekea sweta."

Sasa inampasa Kitinda aseme alikokuwa. Uhandisi ulimshinda mwaka wa kwanza. Aliona haya kuandika hivyo, akaandika kwamba amefaulu. Na uongo ukishaupa kiti, unaomba na kitanda. Aliandika amepandishwa cheo, amejenga daraja, ana wasaidizi watano. Ukweli ni kwamba alipata kazi ya kufagia katika jumba la sinema lenye kumbi kumi na mbili, na ndiyo kazi aliyoifanya hadi mwezi huu. Wafagizi huingia dakika za mwisho, wakasimama ukutani na fagio na mifuko, wakisubiri taa ziwake waokote bisi chini ya viti. Kwa hiyo miisho yote ya Msafiri Kitinda aliiona, kuanzia ya tatu, akiwa wima, bila kujua mambo yalianzaje. Angeweza kununua tiketi akakaa kama watu. Alijaribu mara moja mwaka 1994, akafika mpaka kwenye kiti, akageuka akatoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilimchukua miaka thelathini na sita.

Na huku nyumbani dada aliendelea kuona mianzo tu. Ile ya kumalizia haikumaliza kitu, maana iliingiza watu wengi mno. Ya nne ikaja 1994, Msafiri akafa, tulivyosikia. Ya tano, 1999, akafufuka bila hata pole. Mwaka 2006 wakaanza upya tangu utoto wake, na mtu mwingine kabisa, kana kwamba sisi wa zamani hatukuwa tumezaliwa. Bwana Jumatatu aliudhika sana. "Hawa hawana hadithi tena, wana jina tu," alisema. "Wanalikamua mpaka litoe damu." Mkewe hakuudhika. Binti yao ndiye aliyekuja kumwambia Kitinda sababu: mama alikuwa akiomba mfululizo ule usiishe. Kila ilipotangazwa sehemu nyingine aliitoa sweta kabatini akaifua. Maadamu Msafiri hajafika kwao, kulikuwa na muda wa Kitinda kufika kwao.

Mji mzima ulijua sheria. Kinyozi alizima redio akimwona anakuja. Fundi cherehani, yule yule wa ubao, aliwahi kumfukuza mteja ambaye suruali yake ilikuwa imeshonwa nusu kwa sababu alianza kusema mwisho wa sehemu ya saba mbele ya Dada Dirisha. Dada alistaafu tarehe 30 Juni 2017, mwaka mmoja baada ya sehemu ya nane kuingiza watu tisini na sita kwa siku tatu. Ghorofa ya juu ya ukumbi ilikuwa imeshageuzwa duka la magodoro.

Februari 2022 madaktari walisema moyo wake umepanuka. Alisema hilo linajulikana siku nyingi. Alitumia dawa vizuri, akatembea jioni, lakini tarehe 9 Novemba mwaka huu alilazwa. Kesho yake, Ijumaa, ndipo ilipofika sehemu ya tisa, ambayo wenyewe waliapa kwamba ndiyo ya mwisho kweli kweli. Bwana Jumatatu alikwenda kwa niaba yake. Alinunua tiketi tatu, akalaza sweta kwenye kiti kimoja, kingine akakiacha wazi kwa mkewe, na robo saa kabla ya mwisho akainuka akaenda hospitali kumsimulia mwanzo. Kwa siku zote tatu ziliuzwa tiketi kumi na moja. Waliokaa walikuwa tisa. Jumatatu filamu iliondolewa.

Siku hiyo hiyo binti alimpigia Kitinda simu. "Mjomba," alisema, "sehemu ya tisa imekuja. Na mama anaisha. Acha hayo madaraja, njoo."

Alifika Alhamisi, tarehe 16, saa nane mchana, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Alikuwa ametunga maneno ndani ya ndege. Alipomwona dada alivyokonda yakapotea yote, likabaki moja.

"Dada, mimi si mhandisi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile picha ya mwaka tisini na moja, umevaa koti la wakubwa. Mfukoni ulikuwa na tochi ya ukumbini. Mimi wa kudanganywa na tochi?" Akampapasa kichwa kwa mkono wenye bomba la dawa. "Mbona umeota mvi kabla yangu? Vuta kiti. Ya tatu iliishaje?"

Hapo ndipo walipogundua. Yeye alikuwa na mianzo, Kitinda alikuwa na miisho. Dada alisimulia ya tatu mpaka pale alipokuwa akiinuka, na Kitinda akaipokea kutoka ukutani. Muuguzi alikuja mara mbili kumkanya asiruke ruke kati ya vitanda. Mara ya tatu alikuja na kiti chake. Ijumaa walimaliza ya nne. Jumamosi ya tano na ya sita. Jumapili ya saba, na dada akacheka mpaka mashine ikalia. Jumatatu asubuhi walimaliza ya nane, na Kitinda akafungua kinywa aanze mwisho wa tisa.

"Hiyo niachie," dada alisema.

"Si ulishasimuliwa mwanzo?"

"Nimesimuliwa. Ikiisha, utapata sababu ya kuondoka."

"Siondoki, dada."

"Basi haraka ya nini?"

Aliaga dunia kesho yake, Jumanne tarehe 21 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa kulia kwake na Kitinda kushoto. Walikuwa wamepewa siku tano. Kitinda angeitoa ile miaka thelathini na sita yote apate siku ya sita, na hana wa kumpelekea ombi hilo.

Ameacha mume, Bwana Jumatatu, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, waliokatazwa na bibi yao kula bisi wakati wa sehemu za huzuni, ndugu mmoja, fundi cherehani mmoja, na watu wengi mno waliopitisha mikono katika dirisha lake. Bwana Jumatatu amewahesabu waliofika leo, mara mbili kama kawaida yake. Anasema mko mia tatu na themanini na wawili, na kwamba hesabu imezidi mmoja.

Mwisho wa sehemu ya tisa haumo katika wasifu huu. Kitinda anaujua, na hatamsimulia mtu mwingine.

Anaomba radhi kwa kuchelewa. Akishaikunja karatasi hii atakwenda kwenye kile kiti cha mbele, ataivaa sweta, na atakaa.

Pumzika sasa, dada. Mtu wako amefika.