Mtungi Niliopaka Rangi

Ndugu zangu, kwanza nimpe Bwana sifa yake, kisha ndiyo niseme langu. Mimi si msemaji. Mchungaji ameniomba mara mbili nisimame hapa na mara zote mbili nilikataa. Leo nimesimama kwa sababu watu wananisimamisha sokoni Darajani, wananishika mkono, wananiita nahodha aliyeokoa wakunga. Sitaki tena kuitikia jina hilo kabla hamjasikia ilivyokuwa.

Jina langu ni Elisha. Nimezaliwa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, baba alikuja kutoka Bara kufanya kazi bandarini na hakurudi tena. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nikipakia wageni ufukweni Shangani, nikiwapeleka kisiwani Changuu kutazama kobe, kisha kwenye fungu la mchanga wakaoge. Boti yangu ilikuwa ya faiba, mashine mbili nyuma, niliiita Ahadi. Msaidizi wangu ni Makame, mtu mzima wa Tumbatu, mwenye watoto watano, aliyeijua bahari kuliko mimi.

Niseme nilivyokuwa nikiendesha kazi. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, ndani ya sanduku lenye mfuniko, na betri nikaiweka humo humo ili isirushiwe maji. Mpira wa mafuta ulikuwa umechakaa. Kila asubuhi nilipofika nilikuta harufu ya petroli, na kila asubuhi nilijiambia kwamba boti ndivyo inavyonuka. Harufu ukiizoea, ndugu zangu, huisikii tena. Majaketi ya kuokolea nilikuwa nayo, kumi na tano, mapya, bado yamo ndani ya nailoni zao. Nilikuwa nimeyafungia kufuli kwenye boksi la mbele kwa sababu wageni huyalowesha, kisha yananuka.

Na mtungi wa kuzimia moto nilikuwa nao. Mshale wake ulikuwa umeshalala kwenye nyekundu, maana yake ndani hamna nguvu tena. Makame aliniambia zaidi ya mara moja.

"Nahodha, huu mtungi umekufa."

"Nshakusikia. Tutaubadilisha."

Sikuubadilisha. Ilipokaribia siku ya ukaguzi, nilichukua kopo la rangi nyekundu, nikaifunika kutu yote ya ule mtungi, ukang'ara kama umetoka dukani jana. Nikaufunga ukutani, ile saa yake yenye mshale nikaigeuza ielekee ndani. Mkaguzi aliangalia kwa mbali akapita. Jioni ile nilimshukuru Mungu kwa kunipitisha. Nataka mlisikie hilo. Nilidanganya, kisha nikashukuru kwa maombi. Na kila siku kabla ya kuondoka nilifumba macho nikaikabidhi safari mikononi mwa Bwana, huku mpira wa mafuta unavuja miguuni pangu.

Basi Jumamosi ya wiki ile ile, asubuhi, bahari shwari, walikuja wakunga tisa wastaafu. Ni kina mama waliofanya kazi pamoja hospitalini miaka mingi. Nusu ya watoto wa mitaa yetu wamepita mikononi mwao. Walikuwa wamejiwekea siku yao ya kutembea. Mkubwa wao ni Bi Rukia wa Makunduchi, mama mrefu, mwembamba, anatembelea bakora. Kati ya wote tisa, aliyejua kuogelea alikuwa mmoja.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasimama pale pale, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mwanangu, kabla sijapanda, nionyeshe vitu vyako."

"Vitu gani, Bi?"

"Vya kuokolea watu."

Nilicheka kidogo. Nikamwonyesha boksi lenye kufuli, nikamwonyesha mtungi ukutani. Akaniambia niufungue niuteremshe. Akaupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito kama mtu anayepima mtoto, akavaa miwani, akaugeuza.

"Mshale uko kwenye nyekundu. Huu si mzima."

"Bi, mwendo wenyewe ni nusu saa tu."

"Mtoto hufa kwa dakika tatu," alisema, bila kupandisha sauti. "Sikuingia chumba cha kuzalishia hata siku moja kabla sijatazama mtungi wa oksijeni. Hapa siingii."

Wenzake hawakumbishia. Walirudi nyuma hatua mbili, wakasimama naye, na wageni wengine ufukweni wakaanza kututazama. Ndugu zangu, nilikasirika. Nilimwona ni bibi anayenitia aibu mbele ya watu. Nilikwenda kwa nahodha mwenzangu, Issa, ambaye boti yake ilikuwa jirani, nikaazima mtungi mmoja kati ya miwili yake. Sikwenda kwa sababu ya usalama. Nilikwenda ili nimfunge mdomo yule mama.

Kufuli la boksi lilikuwa limeshika kutu, ufunguo hauzunguki. Makame alilivunja kwa jiwe. Akawavalisha majaketi mmoja mmoja juu ya mabuibui, akakaza mikanda, mwisho naye akavaa lake. Bi Rukia akawapa wenzake namba, moja hadi tisa, kila mtu aikumbuke yake. Mtungi wa Issa akaniambia niuweke miguuni pangu penye usukani. Nilitii bila kumtazama.

Tulikwenda Changuu salama. Waliwaona kobe, wakaswali adhuhuri, wakala. Tukaondoka kuelekea kwenye fungu. Katikati ya maji, mmoja wao akasema kutokea pale mji unaonekana wote, akaomba tusimame wapige picha. Nikazima mashine. Wote tisa wakaenda mbele kujipanga, Makame naye akaenda mbele kuwashikia simu. Nyuma hakubaki mtu. Mimi nilikuwa katikati, kwenye usukani. Tulielea hivyo kama dakika kumi, jua kali linachoma lile sanduku la nyuma.

Walipomaliza, nikageuza ufunguo.

Nilisikia kishindo kama mlango uliobamizwa na upepo. Mfuniko wa kiti cha nyuma uliruka ukaangukia baharini. Ukatoka moto, kwanza wa buluu, halafu wa manjano, halafu moshi mweusi. Baadaye fundi niliyemsimulia aliniambia lazima waya wa betri ulikuwa umelegea, ukatoa cheche, na mvuke wa petroli ulikuwa umejaa mle ndani unaingoja. Kama ile picha ingepigwa nyuma, leo nisingekuwa na la kushuhudia.

Niwaambie nahodha wenu alifanya nini. Hakufanya kitu. Mikono ilikuwa kwenye usukani na sikuweza kuitoa. Sikuomba. Sikukumbuka hata jina la Mungu. Makame alikimbilia ndoo, akachota maji.

"Makame, weka ndoo chini. Hayo mafuta, maji yatayatawanya." Ilikuwa sauti ya Bi Rukia, tulivu kama alivyokuwa pale ufukweni. Kisha akaniita mimi. "Elisha. Mtungi uko miguuni pako."

Ndipo nikauona. Nikavuta pini, nikabonyeza, nikaupuliza ule unga kwenye ndimi za moto juu. Nusu ya mtungi ikaishia hewani.

"Chini," Makame alisema. "Piga kwenye shina lake."

Nikashusha mdomo wa mtungi, nikafagia chini, kushoto na kulia. Moto ukanywea. Ukabaki moshi. Mtungi mdogo hauchukui muda, ndugu zangu. Ukihesabu polepole hadi kumi umekwisha. Lakini moto ule ulinywea, na kunywea kwake kulitupa dakika chache ambazo tusingekuwa nazo. Makame alizitumia. Alitupa nanga ya mbele, boti ikageuza pua kwenye upepo, moshi wote ukaenda nyuma mbali na watu. Akapuliza filimbi iliyokuwa imefungwa kwenye jaketi lake, akapuliza tena. Kisha tukaona tangi la plastiki limeanza kulainika na moto unanyanyuka upya. Nikajua boti imekwenda.

Nilisema, "Tunashuka." Hilo nililisema mimi, na sauti ilinitetemeka.

Bi Rukia akaanza kuita namba. Kila aliyeitwa alishuka upande wa mbele, akaishika kamba ya nanga, akajivuta kuelekea upepo unakotoka, mmoja nyuma ya mwenzake, ili wawe mbali na moto. Hawakupiga kelele. Niliwahi kuwabeba vijana wenye misuli waliopiga mayowe kwa wimbi dogo. Mama hawa wamezoea kusimama penye damu na kufanya kazi. Nafikiri ndiyo tofauti. Makame alitangulia na mwenye kujua kuogelea, wakawapokea majini. Mimi na Bi Rukia tulishuka mwisho, au ndivyo tulivyodhani.

Ndani ya maji akahesabu tena. Moja akaitika, mbili, tatu, mpaka sita. Saba hakuitika.

Nilipogeuka nikamwona. Bi Mwajuma, aliyekuwa mnene na mtaratibu kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye ncha ya boti, amekumbatia chuma cha mbele. Upepo ulikuwa umetulia kidogo tulipokuwa tunashuka, moshi ukatanda mpaka mbele, ndiyo maana hatukumwona. Nilijivuta kwa kamba, nikapanda. Joto lilikuwa linanichoma kisogoni.

"Bi, twende."

"Siwezi, mwanangu. Miguu imekataa."

Sikumvuta. Nilikaa kando yake nikamgeuzia mgongo, nikamwambia ashike shingo yangu tu, miguu aiache. Ilipita kitambo, sijui kirefu kiasi gani. Kisha nikasikia mikono yake imenizunguka. Tukaanguka pamoja. Kovu hili la shingoni nililipata pale, na hapo ndipo watu walipolipata lile jina la shujaa.

Issa aliuona moshi akiwa kwenye fungu. Alifika na boti mbili. Bi Rukia hakukubali kupanda mpaka alipohesabu tisa wake, kisha akasema, "Na nyinyi wawili," akatuhesabu mimi na Makame. Kumi na mmoja. Ahadi iliwaka mpaka usawa wa maji, ikazama sote tunatazama. Sikulia. Nilikuwa naitazama kama boti ya mtu mwengine.

Ndugu zangu, kutoka kwenye moto kulikuwa rahisi kuliko yaliyofuata. Niliulizwa na wahusika, nikasema tulikuwa na mtungi, tukautumia. Ni kweli, lakini ule haukuwa wangu, na hilo sikulisema. Watu wakanisifu nikanyamaza. Kwa miezi minne nilikuja hapa kanisani, nikaimba, nikarudi nyumbani, na mke wangu Marta akaniuliza kwa nini sili. Mwisho nilimweleza. Hakunilaumu. Alisema, "Nenda Makunduchi."

Nilikwenda. Nilimkuta Bi Rukia barazani anachambua mchele. Nilikaa chini nikamwambia yote: rangi, saa niliyoigeuza ukutani, ukaguzi, hata ile hasira ya pale ufukweni. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza.

"Nlijua," akasema. "Rangi ilikuwa mbichi bado, imeniganda mkononi."

"Sasa kwa nini ulikubali kupanda, Bi?"

"Ulikwenda kuazima mwengine. Ulikwenda kwa hasira, lakini ulikwenda. Nimezalisha watu wengi, Elisha. Wanaokasirika kisha wakafanya wanachoambiwa, wengi wao hupona." Akaniambia niende nikaseme ukweli kwa wale niliowaficha, ndipo akaniletea chai.

Nilikwenda kwa wakaguzi nikasema. Nilisimamishwa unahodha kwa muda, na nilistahili. Sasa Makame ndiye nahodha, kwenye boti ya mtu mwengine, na mimi ndiye msaidizi wake. Kila asubuhi nafungua sanduku la nyuma na kuliacha wazi lipumue, nanusa kwanza, napapasa mpira wa mafuta kwa vidole, nakaza waya wa betri. Natazama mshale wa mtungi. Wageni wanavaa majaketi kabla hatujaondoka, asiyetaka anabaki ufukweni. Kisha ndiyo naomba. Bado naomba, ndugu zangu, na naomba kwa imani zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa simwombi Mungu afiche ninachokificha.

Namshukuru Mungu aliyeniletea msaada kupitia mama ambaye hasali hapa na ambaye sikutaka kumsikiliza. Namshukuru kwa maisha ya wale tisa na kwa ya Makame. Namshukuru kwamba alinisubiri mpaka nikasema.

Sina mafundisho ya kuwapa. Najua humu wamo wenye boti, wenye majiko ya gesi, wenye maduka yenye waya za umeme zilizochubuka, na wapo pia wenye mambo ambayo moto hauna uhusiano nayo. Mwaminini Mungu, anaupokea ukweli hata ukija umechelewa, hata ukija kwa sauti inayotetemeka kama yangu. Na kama kuna ndugu hapa anayetaka kuanza kusema ukweli wake lakini hataki kwenda peke yake, ibada ikiisha nitakuwa kwenye benchi la mwisho, upande wa dirishani. Nitakaa mpaka mtu wa mwisho atoke. Nitamsindikiza popote anapotakiwa kwenda.