Tumbo la Sindano Siku ya Wakwe

Asubuhi hiyo Sindano, fundi cherehani wa mtaa, alifika kijiweni ameshika tumbo kwa mikono miwili. Halikuwa linamuuma sana. Lilikata kidogo, likanguruma, likatulia, kisha likaanza tena. Mkewe alishamwambia anywe maji kidogo kidogo, ajinyooshe kitandani, kahawa aiache, na likizidi waende hospitali. Sindano aliyaona maneno hayo mepesi mno kwa siku nzito kama ile. Mchana wakwe watarajiwa wa bintiye walikuwa wanakuja, na tumbo likinguruma mbele yao angeiweka wapi sura yake? Akaketi kwenye benchi, akaagiza kahawa.

— Hiyo ni injini tu, alisema Gia, fundi magari, akichomoa bisibisi ndefu. Vua shati.

— Nivue shati barabarani?

— Kwani magari huja kwangu yamevaa?

Gia akagusisha ncha tumboni taratibu, akabana mpini sikioni, akafumba macho.

— Silensa imelegea, ndiyo maana unanguruma.

— Mimi nina silensa?

— Ulikuwa nayo.

Pimamaji, mwashi, akasonya.

— Achana na huyo, atakuua. Hapo msingi umetitia. Lala chali.

Sindano akalala benchini. Mtu mwenye hofu ya wakwe hachagui mganga. Pimamaji akampachika kipimo chake cha usawa juu ya kitovu, akainama.

— Mnaona kiputo kilivyokimbilia kushoto? Wewe unalalia ubavu mmoja.

— Mke wangu ndiye anayelala ukutani.

— Basi nyumba nzima imeinama!

— Jamani, ni baridi tu, akadakia muuza kahawa. Birika langu likipoa nalo hulalamika hivyohivyo.

Akamwekea tumboni birika la akiba, lenye vuguvugu.

— Sasa tumsukume, akasema Gia. Injini ikigoma husukumwa.

— Nisukumwe hadi wapi?

— Hadi uwake!

Wakalinyanyua benchi, huyu huku, yule kule, wakaanza kulitikisa. Sindano alikuwa angali anaelea juu yake, kifua wazi, amekumbatia birika, mzee mmoja aliyevaa suti iliyonyooshwa alipotokea kwenye kona na mkewe nyuma.

— Hamjambo?

— Hatujambo. Shikamoo, mzee!

Wote waliamkia, hata Sindano kutoka huko juu.

— Marahaba. Poleni na mgonjwa. Tumewahi kidogo. Namtafuta mzazi mwenzangu, fundi cherehani. Tumeambiwa ni mtu mtulivu, mwenye heshima zake. Yuko wapi?

Gia akaitazama bisibisi yake. Pimamaji akakitazama kiputo. Muuza kahawa akakumbuka ghafla kwamba ana vikombe vya kuosha. Sindano alitamani ardhi immeze, birika na yote. Akafumba macho, akabana pumzi, akamwomba Mungu wazee wale wapite.

Tumbo ndilo lililojibu, tena kwa kirefu.