Ribiti Moja Bapa

Benchi letu liko nje ya duka la donati la Stosh, hapa Flint, mji wa viwanda vya magari. Kila Jumamosi asubuhi tunalikalia watatu: Earl, tunayemwita Ribiti kwa kuwa kiwandani aligonga ribiti, zile pini za kukazia vibati vya namba za magari, miaka thelathini, Msasa, fundi rangi, na mimi, ambaye sikusomea magari popote ila nimelala chini ya mengi. Kwenye maonyesho ya magari ya mchana mimi ndiye ninayetia sahihi gari lipi ni halisi, yaani liko kama lilivyotoka kiwandani, na uongo sijawahi kuutilia sahihi hata kwa rafiki. Leo mbele yetu kuna gari la zamani, Kestreli 400 nyekundu, ya paa la kukunja. Mwenye gari, marehemu Harlan, aliapa hadi kitanda cha hospitali kwamba ni halisi. Mjane wake, Arlene, anataka likae safu ya magari halisi, la sivyo ajue aliolewa na mwongo. Yumo ndani ananunua kahawa.

— Feki, — alisema Ribiti. — Kibati cha mlangoni kina ribiti mbili, moja ya maua, yenye kichwa kama ua, na moja bapa. Sisi tuligonga za maua tu.

— Hilo lilikuwa na paa la chuma, likakatwa, — alidakia Msasa. — Wahuni wa Ohio wamelifanyia upasuaji.

— Acha porojo! — nilisema. — Vyuma vya kukaza sakafu, vya magari ya paa la kukunja tu, vipo, na vimechomelewa kiwandani. Nimeviona kwa macho yangu.

— Ohio wana ghala, bwana. Wanaunda Kestreli nzima kwa makopo ya maharage.

— Na injini?

— Ya trekta.

— Trekta lenye namba zilezile za bodi ya gari hili? Msasa, utaniua kabla ya siku zangu.

— Kibati kimetoka gari jingine, — Ribiti alikata maneno. — Hakuna kibati kilichopita bila mkono huu. Hata kimoja!

Hapo alinimaliza. Kwa kazi yake Ribiti hatanii. Nikaandika kwenye fomu: *si halisi*. Ikabaki kutia sahihi tu.

Arlene akatoka na vikombe vinne, akaisoma fomu juu ya bega langu.

— Shemeji Earl, gari hili lilitoka kiwandani wiki gani?

— Ya tatu ya Novemba, sitini na sita. Imeandikwa kwenye kibati cha bodi, pale chini ya kioo cha mbele.

— Na ile picha yako ukutani kwa Stosh, umemshika kulungu pembe, ni ya lini?

Tunaijua sote. Tarehe kumi na tano Novemba, mwaka huohuo, siku ya kwanza ya kuwinda. Siku hiyo nusu ya kiwanda hupiga simu kwamba wanaumwa.

— Nilikuwa na homa, — alisema Ribiti, sauti imeshuka.

— Pole. Ya siku ngapi?

— Wiki.

— Basi wiki hiyo nani aligonga ribiti kwenye kituo chako, na nani alimwambia ni za maua tu?

Ribiti akanisogezea kalamu. Msasa, kwa mara ya kwanza maishani, hakuitaja Ohio.

Nikafuta lile *si*, nikatia sahihi.