Kofia ya Tomasi na Unga wa Karoti

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Baba Paroko; Ndugu Mansuri, mdhamini wa viti na soda; wazee wangu, shikamooni; nanyi wakulima wa mboga mliopanda mlima kuja kuniaga: mimi, muuguzi Anastasia, nastaafu leo baada ya miaka thelathini na moja katika zahanati hii.

Nimeambiwa niusifu unga wa karoti wa Ndugu Mansuri, kwa kuwa ndio uliolipia turubai. Basi nausifu. Unanukia vizuri. Kopo linang'aa kuliko madirisha ya zahanati, na limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba unakinga saratani ya ngozi. Aliyeandika hata haya hakuona.

Ni kweli, wataalamu wanachunguza vitu vilivyomo kwenye karoti, nyanya na majani ya chai, na huenda vinaisaidia ngozi kidogo. Kuleni mboga, si mnazilima wenyewe? Lakini "huenda" na "kidogo" vilidondoka wapi, Ndugu Mansuri, njiani kutoka maabara hadi kwenye kopo lako?

Mnamfahamu Tomasi, ndugu yetu mwenye ualbino, anayetushinda wote kwa kulima karoti. Mwaka juzi alinijia kichwa wazi, shingo nyekundu. Nikamuuliza, "Kofia iko wapi?" Akajibu, "Sista, siku hizi najikinga kwa ndani. Vijiko viwili kila asubuhi." Mafuta ya kukinga jua niliyompa, mkewe alikuwa anapaka miguuni. Nilicheka. Naona aibu hadi leo kwamba nilicheka, maana baada ya miezi minne alirudi na kidonda sikioni, na huko mjini wakalikata nusu. Ndugu Mansuri alituma pole: makopo sita.

Na leo? Tazameni nje ya turubai. Sisi tumeketi kivulini. Tomasi amesimamishwa juani tangu saa nne, kashika kopo apigwe picha, na mshereheshaji kamwamuru avue kofia kwa heshima ya mgeni rasmi. Heshima gani hiyo inayotaka ngozi ya mtu? Daktari alishamwonya: kidonda kingine kikitokea shingoni, hakuna cha kukata.

Mheshimiwa, katoni ile ya unga mliyonizawadia irudi ilikotoka. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia leo na miaka yote. Tomasi, baba, vaa kofia yako, uje ukae kwenye kiti changu. Mimi nitasimama.