Malkia Aliyekwama kwenye Bembea

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uketi nasi. Leo tunamkumbuka mwimbaji aliyetutoka Alhamisi iliyopita. Wengi mlimjua kwa jina moja tu: Radi. Radi, malkia wa ile sinema iliyochekwa, ikasahauliwa, kisha ikapendwa.

Radi alikuwa msusi. Mchana alisuka, jioni aliimba na bendi. Binti yake, ambaye ni muuguzi, anacheka akisimulia: "Nasikia mama akinogewa na wimbo alisahau kichwa cha mtu. Mteja anaondoka amesukwa upande mmoja."

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mpiga gitaa. Huyu mdogo wake alitunga opera ya roki. Yaani hadithi inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, huku gitaa za umeme zikinguruma. Mfagiaji wa barabara anatawazwa kuwa malkia, katika mji ambako kuimba ni marufuku. Jukwaani ilipendwa. Basi mdogo wake akapagawa, akataka iwe sinema.

Na sinema gani, jamani! Ghala kuukuu lilipakwa rangi ya dhahabu mpaka vyooni. Radi akavalishwa joho la manyoya ya rangi ya waridi, refu kiasi kwamba watu watatu walilibeba nyuma. Malkia alitakiwa kushuka kutoka darini kwa bembea, moshi chini, cheche juu. Bembea ikakwama katikati. Radi akaning'inia pale, miguu hewani, na hakuacha kuimba. Mdogo wake akapiga kelele, "Msizime kamera!" Ikabaki hivyo hivyo kwenye sinema.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Bembea ilipokwama, mtu mmoja akacheka. Kisha safu nzima. Kisha ukumbi mzima. Malkia anaulilia mji wake, watu wanashika mbavu. Taa zilipowaka, waandishi wa habari wakamzunguka Radi. Akageuka kumtafuta mdogo wake. Hayupo. Alikuwa ameshapenya mlango wa nyuma.

Radi akajibu maswali peke yake. Akarudi kusuka. Hakuimba tena. Na mdogo wake, kwa aibu, hakukanyaga tena kwa dada yake. Miaka ikapita. Nasema miaka, wasikilizaji wapendwa. Binti akazaliwa, akasoma, akaanza kazi, hajawahi kumwona mjomba wake.

Siku moja binti huyo akapita mbele ya ukumbi mdogo wa sinema. Akaona bango la malkia mwenye joho la manyoya. Akarudi nyumbani mbio.

"Mama, yule mwenye manyoya si wewe?"

"Huyo ni mwehu mmoja tuliyefanana naye."

"Mama!"

Radi akamketisha. Kisha akamweleza yote. Binti akambembeleza waende. Akakataa. Akabembelezwa tena. Mwishowe akajitanda khanga mpaka usoni, wakaenda kukaa safu ya nyuma kabisa.

Sinema ikaanza. Vijana walijaa pale, wengine wamejibandika manyoya mabegani. Bembea ikakwama. Radi akafumba macho, akingojea kicheko. Kweli wakacheka. Lakini wakasimama pia, wakapiga makofi, wakaimba pamoja na malkia, neno kwa neno. Binti anasema, "Niliona khanga ya mama inatikisika mdomoni. Nikadhani analia. Kumbe anaimba."

Sauti ile haikuweza kujificha. Safu moja ikageuka, kisha nyingine. Radi akaishusha khanga usoni, akasimama, akaimba mpaka mwisho.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye mvi, kofia mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umezeeka."

"Na wewe pia."

"Mimi nimekomaa." Kisha akamwambia, "Siku ile ulinikimbia."

"Nilikukimbia, dada. Nisamehe."

"Sinema yako haikuniuma. Ungekaa tu, tukachekwa wote wawili."

Mdogo wake akalia palepale, mbele za watu. Radi akamshika mkono, akamwambia binti yake, "Msalimie mjomba wako. Ni mwoga, lakini ni wetu."

Tangu siku ile Radi aliimba tena. Wakazunguka kumbi mbalimbali, dada na mdogo wake, sinema ikionyeshwa, yeye akiimba mbele ya pazia. Alipougua, walimuuguza mpaka mwisho, binti upande huu, mjomba upande ule, wakibishana nani atamlisha uji. Mjomba ananiambia, "Tuligombania mpaka kijiko. Dada akatucheka."

Kwa binti, kwa mjomba, na kwa wote waliomuuguza: poleni sana. Sisi hapa kituoni tunalia pamoja nanyi, na tunashukuru kwamba mlipata wakati wa kuwa pamoja.

Nawe unayenisikiliza. Kama yupo ndugu uliyemkimbia, au aliyekukimbia, namba yake unayo. Zima redio, umpigie. Hatutakasirika.