Tutakuja Kulia: Kumuaga Bi Biasha Khatib

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Biasha Khatib anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili ya utumishi katika Klabu ya Magari ya Zamani, Mpendae. Katika muda huo alikuwa katibu wetu, mkuu wetu wa usalama na, kwa siku moja ya kila mwaka, msoma ramani katika gari ya mwenyekiti. Kazi zote tatu alizifanya vizuri. Ni gari tu ambayo haikuwahi kufika.

Kwa wasiotujua, sisi ni watu wazima wenye akili zetu, ambao kila mwaka huomba tufungiwe barabara ya lami kutoka mjini hadi Makunduchi ili tukimbizane kwa magari yenye umri wa babu zetu. Breki za magari hayo hufikiri kwanza kabla ya kukubali. Mikanda ya viti tumeifunga wenyewe, na Mungu ndiye mlinzi. Dereva hukamata usukani. Msoma ramani hukaa ubavuni mwake akimtajia kona na matuta kabla hayajaonekana, na dereva humsikiliza. Hivyo ndivyo inavyosemwa kwenye semina.

Dereva wa Bi Biasha alikuwa mwenyekiti wetu, Bwana Sleiman Azzan. Wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu na maduka Malindi. Katika urithi wote huo, yeye alibakiwa na gari moja nyeupe aina ya Pijo na tabia ya kutoambilika. Vyote viwili anavitunza vizuri sana.

Bi Biasha hakuajiriwa kupanda gari. Aliajiriwa kupiga chapa barua. Mwaka wake wa pili, aliyekuwa msoma ramani wa Bwana Sleiman aliteremka Tunguu katikati ya mashindano, akasema anakwenda kunywa maji, na mpaka leo hajamaliza kunywa. Tukatafuta mtu mwengine anayeijua barabara ya Makunduchi, na Bi Biasha ndiko alikozaliwa. Akavaa kofia ngumu juu ya mtandio, akakaa kiti cha mbele, akasema anakwenda kwao.

Nyumba ya mamake, Bi Sichana, iko kandokando ya barabara hiyo, upande wa kulia, kabla kidogo ya mstari wa kumalizia ambapo mimi husimama na bendera. Kila mwaka Bi Sichana alipika boko-boko, akakaa barazani kumngoja mwanawe apite na gari ya mashindano. Na kila mwaka mwanawe alifika, sisemi hakufika. Mara alikuja na gari ya ndizi, mara na gari ya mchanga, na mara moja na gari ya wagonjwa, si kwa kuumwa bali dereva wake alikuwa jamaa yao. Mwishowe bibi wa watu akamkalisha kitako akamwambia, "Mwanangu, kama huna gari, sema huna gari."

Neno hilo lilimuuma Bi Biasha kuliko ajali zote tulizompatia. Tangu siku ile hakutaka kikombe wala picha ukutani. Alitaka jambo moja, kwamba kabla ya kustaafu, na kabla ya mamake kufumba macho, apite mbele ya baraza ile ndani ya Pijo, inatembea.

Lakini mikosi ilimfuata hata nje ya barabara ya kwao. Mwaka barabara ya kusini ilipokuwa inatengenezwa tulihamishia mashindano Chwaka. Barabara ya Chwaka ikishafika kijijini inapinda kushoto kwenda Uroa. Kulia kuna pwani na mwani wa watu umeanikwa. Bwana Sleiman alikuwa anakwenda kwa mwendo ambao sitautaja, maana gazeti hili husomwa na trafiki. Bi Biasha akamwambia kwa adabu zote, "Bwana Sleiman, punguza, tutakuja kulia." Mwenyekiti, ambaye hajapata kumsikiliza mtu, siku hiyo akasikiliza. Akakata kulia. Alikata kwa ufundi mkubwa, mkia wa gari ukiteleza kama inavyotakiwa, na Pijo ikatokea upande wa pili imevikwa mwani mbele na nyuma. Mama mmoja akauliza harusi ya nani. Klabu nzima ilikwenda kuanika mwani upya, na baadhi yetu tuligundua kwamba ile ndiyo kazi yetu ya maana ya mwaka.

Kamati ikakaa, ikapitisha sheria ambayo haipo kwenye klabu nyengine yoyote ya magari tunayoijua. Ndani ya gari, neno "kulia" ni marufuku. Upande ule utaitwa kuume, kama walivyosema wazee, na mwenye machozi yake ayaweke hadi mwisho wa safari.

Mwaka mwengine walikuwa wanaongoza, wallahi walikuwa wanaongoza, wakakutana na jeneza karibu na Bungi. Barabara hufungwa kwa magari, maiti hafungiwi. Bwana Sleiman akaegesha, akavua kofia ngumu, akavaa kofia ya kiua iliyokuwa kwenye dashibodi, akatia bega. Angeweza kubeba hatua chache akarudi, lakini alikwenda mpaka kaburini, na baada ya kuzika akakaa matangani. Bi Biasha alibaki garini amefunga mkanda. Watu waliopita walimpa pole, naye akazipokea, kwa sababu kwa kweli alikuwa amefiwa na mashindano.

Na ule mwaka wa ajali ya kijiji cha Pete, pale Pijo ilipozunguka mara mbili juu ya lami yenye mvua ikasimama kwenye ukingo, bega la Bi Biasha likateguka. Hatukucheka siku ile. Aliporudi kazini, kwa cheo chake cha mkuu wa usalama, alijiita ofisini, akajionya kwa maandishi, akatia saini pande zote mbili. Mwaka uliofuata akapanda tena.

Ukimuuliza kwa nini, hukupa sababu moja tu, Jozani. Anasema miti inapofunika barabara, lami inakuwa baridi, mlio wa injini unarudi kutoka msituni, roho inapanda kooni na wala hutaki ishuke. Kisha yanakuja matuta yaliyowekwa kwa heshima ya kima punju, ambao huvuka taratibu kama wenye hati ya shamba, na roho inashuka yenyewe.

Septemba mwaka huu ilikuwa safari yake ya mwisho. Kila kitu kilikwenda sawa, na hilo lilitutia wasiwasi mapema. Hakukuwa na jeneza. Kima walikuwa na shughuli nyengine. Kitogani Bi Biasha alisema "kuume", na gari ikaenda kuume. Muyuni tuta moja lilichukua ekzosi, lakini gari haiendi kwa ekzosi, ikaendelea kwa kelele ambazo Makunduchi nzima ilizisikia kabla ya kuiona.

Mimi nilikuwa mstarini. Miaka yote hiyo bendera yangu nimewashushia watu wengi, Bi Biasha kamwe. Nilipoiona Pijo inatokeza, niliinua bendera kabla ya wakati wake, na sioni haya kusema. Upande wa kulia, Bi Sichana, ambaye siku hizi hasimami bila ya kushikwa, alikuwa amesimama peke yake ameshika mlango.

Bi Biasha akamuona. Tunaambiwa alisema maneno manne, "Bwana Sleiman, nataka kulia."

Na Bwana Sleiman akakata kulia.

Ua wa makuti ulianguka bila ya ubishi. Pijo ilisimama uani, baina ya kisima na jiko, haikumgusa hata kuku. Bi Sichana alikokotwa hadi pale, akaiwekea mkono boneti, akautoa upesi kwa moto.

"Hii ndiyo gari yenyewe?"

"Naam, mama."

Bibi akaizunguka kwa macho, mbele hadi nyuma. "Miaka yote hiyo unaisifu, na mbovu hivi."

Ndipo Bi Biasha alipolia, na safari hii hapakuwa na haja ya kamati kufasiri.

Waamuzi waliandika kwamba gari ya mwenyekiti haikufika, na kwa mujibu wa kanuni wana haki. Rekodi ya Bi Biasha imebaki safi kama alivyoianza. Bwana Sleiman anaapa mpaka leo kwamba ilikuwa kelele ya ekzosi, hakusikia vizuri. Tungemuamini kabisa, isipokuwa kabla ya kukata alipunguza mwendo, akapiga honi na kuwapungia watoto wapishe, mambo ambayo hajapata kuyafanya kwa bahati mbaya. Hatujamuuliza zaidi. Ua alikwenda kuusimamisha mwenyewe wiki iliyofuata, na mimi bendera yangu niliikunja nikaingia nayo ndani, maana boko-boko lilikuwa tayari.

Bi Biasha, klabu inakushukuru kwa barua ulizozipiga, kwa onyo ulilojipa, na kwa bega ambalo bado linakusumbua zikija baridi. Ofisi itakuwa kimya bila yako, na kiti cha mbele cha Pijo kiko wazi. Tumekitangaza, na hadi sasa waombaji wote wana kiu ya maji. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na miaka mingi barazani na mama. Ukitukumbuka, tukumbuke kimoyomoyo. Usije ukasema kwa sauti kwamba unataka kulia, Bwana Sleiman bado yuko barabarani.

Shamsi, mshika bendera